Kapu la Mama Irudi

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Hospitali, mgeni wetu wa heshima na mteja wetu wa siku nyingi; Mwenye Karakana, bosi wetu; Ndugu Mchapishaji, uliyekuja na maboksi ya vitabu ukayaweka juu ya meza yangu ya ukaguzi bila kuniuliza; ndugu wageni waalikwa; mafundi wenzangu wa cherehani, wa mkasi na wa pasi; ninyi wa meza ndefu, ambao leo kwa mara ya kwanza nawaona mmekaa bila kushika kitu mkononi na hamjui mikono muiweke wapi; na wewe binti yangu, tunayekuita Msomaji, ambaye sote tumevaa vizuri kwa ajili yako: nawasalimuni.

Kwa wasionifahamu, mimi ndiye mkaguzi wa nguo wa karakana hii. Nguo ikishashonwa, ikatiwa vifungo na kupindwa, huletwa mezani kwangu. Naigeuza nje, naigeuza ndani, navuta mshono, nakagua kola. Ikiwa sawa nasema, "Imepita." Ikiwa na kasoro nasema, "Irudi," naitupa kwenye kapu, na jioni kapu linarudishwa kwa wenyewe. Sina neno la tatu. Ndiyo maana mnaniita Mama Irudi, na mnadhani sijui.

Pengine mnajiuliza: ilikuwaje, katika uzinduzi wa kitabu cha hadithi, akasimamishwa mkaguzi wa nguo badala ya mwalimu wa fasihi, au walau mtu anayejua kuongea na kipaza sauti bila kukiogopa? Nami nilijiuliza hivyo hivyo. Mwezi uliopita Msomaji alinijia chumba cha ukaguzi, akasimama pale mlangoni anaposimama mtu aliyekuja kuombea nguo yake msamaha.

"Mama," akasema, "siku ya uzinduzi watu watanisifu."

"Ndiyo kazi ya siku hiyo."

"Wewe usinisifu. Hadithi zote za kitabuni zimepita mezani, watu wamezisikia, isipokuwa ya mwisho. Ile ya mwisho sijamsomea mtu. Inamhusu mama. Nataka uikague, halafu useme mbele za watu."

"Niseme nini?"

"Moja kati ya yale maneno yako mawili."

"Na nikisema irudi? Kitabu si kimeshachapishwa?"

"Kimeshachapishwa," akasema. "Lakini mimi nitakuwa nimejua."

Basi ndugu zangu, hilo ndilo lililonileta hapa. Hukumu nitaitoa mwishoni, kwa sababu nawafahamu: mkiipata mapema mtaanza kutazama upande wa soda. Lakini hukumu ya ukaguzi haina maana kama mtu hajui nguo ilikaguliwa vipi, na kwa hiyo itabidi mnivumilie nieleze tumefikaje hapa.

Chumba cha cherehani, wageni mliopitishwa asubuhi mmekisikia. Mle ndani ukimwita mtu kwa jina anageuka mwingine. Lakini meza ndefu iko chumba cha pili, na kazi yake ni ya mkono: vifungo, pindo, lebo, kushonea kola na kukata nyuzi. Ni kazi ya kimya. Zamani ilikuwapo redio. Redio ikafa, na Mwenye Karakana, ambaye namwona ananitazama, alisema atanunua nyingine, na sisi ni watu wa subira. Ukimya ukazidi. Watu wakaanza kusemana, na kusemana kwenye meza yenye mikasi si jambo la kuachiwa liendelee. Ndipo Shangazi, yule pale mwenye kilemba cha kijani, ambaye si shangazi wa mtu yeyote humu lakini anatugombeza sote kama watoto wa kwao, akasema afadhali mmoja wao asome kitabu kwa sauti, na wengine wagawane vifungo vyake.

Katika karatasi mliyopewa mlangoni imeandikwa kwamba kipaji cha binti huyu kiligunduliwa na wafanyakazi wenzake. Mimi ni mkaguzi, sentensi hiyo siwezi kuipitisha. Hakuchaguliwa kwa kuwa alisoma vizuri. Alichaguliwa kwa kuwa alitia vifungo vibaya. Walitafuta nani akiondolewa kwenye sindano hasara itakuwa ndogo, na wote wakageuka kumtazama yeye kabla swali halijaisha. Alikuwa mgeni pale mezani, amerithi kiti cha mama yake, na kila mtu alikuwa ameshaona kwamba kiti ndicho pekee alichorithi.

Siku za mwanzo alisoma kama mtu anayesoma mita ya umeme. Alimeza nukta, akaruka mikato, akaunganisha mauaji na chakula cha mchana katika pumzi moja. Shangazi akamwambia, "Pumua, mwanangu. Hata hao waliomo kitabuni wanapumua." Akajifunza kupumua. Akajifunza pia kwamba kitabu kinaisha, na kikiisha meza inataka kingine. Kwa hiyo akawa anapita kwa muuza vitabu vikuukuu anayetandaza turubai nje ya posta, anachukua alichokikuta: cha mapenzi, cha upelelezi, cha safari, na kimoja cha ufugaji wa nyuki ambacho muuzaji alimtupia kama nyongeza. Akajiandikisha maktaba. Alisoma njiani, alisoma jikoni, alisoma kwenye foleni ya maji mpaka akapitwa na foleni. Nasikia watu siku hizi wanaotaka kuandika huuliza waanzie wapi. Sijui wengine walianzia wapi. Huyu alianza kwa kusoma kila kitu kilichokuwa na jalada, na hata kisichokuwa nalo.

Mimi, mjue, sikuwa nasikia neno. Chumba cha ukaguzi hufungwa mlango kwa sababu ya vumbi la vitambaa. Kilichonifikia kutoka meza ndefu kilikuwa nguo tu. Basi jioni moja binti akaja.

"Mama, leo kapu lina nini?"

Nikadhani ametumwa kuombea wenzake. "Kola moja imewekwa juu chini."

"Ya Fundi Kola?"

"Kola ingekuwa ya nani? Zote anatia yeye."

"Ilikuwa mwanzoni mwa furushi au mwishoni?"

"Katikati."

Akafumba macho, akahesabu kitu kichwani. "Ni pale mume anapofungua mlango," akasema, akaniaga vizuri, akaondoka.

Sikujua mume gani wala mlango gani. Lakini kesho yake akaja tena, na keshokutwa. Alikuwa amegundua jambo ambalo mimi, pamoja na miaka yangu yote ya kugeuza nguo, sikuwa nimeligundua: kwamba kapu langu lilikuwa likijazwa na waandishi. Kila kasoro ilikuwa na ukurasa wake. Mahali hadithi ilipomshika mtu moyo, ndipo mkono ulipopotea.

Na hapo, ndugu wageni, ndipo nilipopata elimu ndogo ya fasihi niliyo nayo, ambayo nawapeni bure. Mauaji hayaharibu nguo. Mtu akishauawa, watu hushona vizuri sana. Kinachoharibu nguo ni kabla ya mauaji, mtu anapokaribishwa ndani, anapewa kiti na kuulizwa habari za nyumbani. Machweo ya jua hayajawahi kuniharibia kola hata moja. Mwandishi akianza kueleza rangi za mawingu, mapindo yananyooka kama yamepigwa rula. Watu wawili wakiambiana wanapendana, nguo zinapita. Wakipendana na wasiambiane, jamani, hapo nililetewa shati lenye kola mbili. Nani angeweza kumfundisha haya? Chuo gani kina kapu?

Sasa niseme lile ambalo karatasi ya mlangoni imeliruka. Baada ya kusoma sana, binti akaanza kuandika. Hakumwambia mtu. Akaandika hadithi kuhusu wakili tajiri mwenye nyumba ya ghorofa na ngazi za marumaru, akainakili vizuri, akaibandika ndani ya jalada la kitabu kilichochanika, akaja mezani akaisoma kama ni ya mtu mwingine. Asubuhi nzima. Sauti yake, wanasema, siku hiyo ilikuwa nzuri kupita siku zote.

Jioni kapu lilikuwa tupu.

Lilikuwa tupu kabisa. Hapakuwa na kola, hapakuwa na pindo, hapakuwa na uzi unaoning'inia. Mwenye Karakana mwenyewe alishuka kuipongeza meza ndefu. Alisema hajawahi kuona kazi safi namna ile tangu aanzishe karakana. Akaagiza soda kwa kila mtu. Bosi, hukujua, nami sikulaumu, lakini soda ile kuna mtu aliinywa huku anasikia inapita kama mchanga.

Nilimkuta stoo, amekaa juu ya majora ya kitambaa cha shule, analia bila sauti. Akaniuliza tena, kana kwamba nilikosea mara ya kwanza. "Hata lebo, Mama?"

"Hata lebo."

"Hata Fundi Kola?"

"Fundi Kola leo ametia kola ambazo ningeweza kumwonyesha mteja."

Akajifunika uso na kitambaa. Mimi si mtu wa kubembeleza. Sijui mikono inawekwa wapi. Nilimwambia, "Binti, hicho kitambaa cha shule kitaingia madoa," na alipozidi kulia nikakaa naye pale mpaka mlinzi akaja kufunga. Nilikuwa namwonea huruma sana. Nasema hivyo leo kwa sababu siku ile sikusema.

Kesho yake, wakati wa chai, akajikaza akauliza mezani, kama mtu asiyehusika, kwamba ile hadithi ya jana waliionaje.

Shangazi akasema, "Ile? Nzuri. Ilinisaidia kufikiria mambo yangu."

"Mwandishi alikosea wapi?"

"Hakukosea popote. Ndiyo shida yake. Kila mtu mle ndani ni mzuri. Hata mwizi ana meno meupe."

"Sasa angefanyaje?"

"Angemng'oa hata moja."

Na Fundi Kola akaongeza, "Yule wakili, mimi nilisubiri wee ale chakula. Hakula. Mtu hali tangu mwanzo mpaka mwisho, mimi nitamwamini vipi?"

Binti alirudi nyumbani akamng'oa mwizi jino. Akampa wakili njaa. Alipompa njaa ikabidi ampe jiko, na alipompa jiko akagundua kwamba jiko la wakili hajawahi kuliona, ila la kwao analijua mpaka kona iliyoungua. Basi wakili akahama ghorofani, akauza ngazi za marumaru, akawa mwanamke anayeuza chai. Hadithi ile aliiandika na kuifumua mara nyingi kuliko ninavyoweza kuwaeleza. Na vitabu vya wengine akaanza kuvisoma namna nyingine, namna fundi anavyolitazama koti zuri la mtu mwingine: analigeuza ndani, anatafuta mshono ulipoanzia. Kama ukurasa ulimharibia Fundi Kola kola, aliurudia nyumbani sentensi kwa sentensi mpaka ajue ni ipi iliyofanya kazi ile. Mara nyingi, aliniambia, ilikuwa fupi kuliko alivyodhani.

Kasoro ya kwanza iliyoletwa na hadithi yake ilikuwa kifungo. Kifungo kimoja cha shati la mlinzi, kimetiwa upande wa ndani, juu ya mfuko. Nilipomwambia akaomba alishike lile shati. Akalikumbatia. Shati la mlinzi wa mteja, mtu ambaye hamjui. Nikamwacha alishike kidogo, kisha nikalichukua nikalitupa kapuni, kwa sababu kazi ni kazi.

Kutoka hapo, Mheshimiwa Mkurugenzi, naomba uniwie radhi kwa yatakayofuata, maana yanakuhusu. Unayakumbuka makoti ya madaktari? Yale yaliyochelewa, tukakuandikia kwamba ni matatizo ya kiufundi? Tatizo la kiufundi lilikuwa hadithi ya mwanamke anayeuza chai. Siku hiyo ilikuwa imefika pale mumewe aliyempotea anaposimama kwenye foleni ya wateja, na yeye bado hajainua macho. Meza nzima ilitia vifungo vya makoti yako mgongoni. Meza nzima. Nilipofungua furushi nilidhani mmebadilisha mtindo. Hadithi hiyo imo kitabuni, na ukiisoma, naamini utatusamehe. Usipotusamehe, soma tena.

Mwenye Karakana hakusamehe. Alishuka na sauti. Akasema kuanzia siku hiyo ni marufuku kusoma hadithi mezani. Shangazi akamkumbusha habari ya redio. Bosi akatafakari, akasema basi, binti anaweza kuendelea kusoma, lakini asome kitu ambacho hakimchanganyi mtu, na akampelekea kanuni za usalama kazini.

Naomba mfikirie hali ya binti huyu. Ameshaonja. Ameshajua mkono wake unaweza kufanya nini. Na sasa amepewa karatasi ya kuzima moto. Mwingine angesusa. Yeye alienda nayo nyumbani, akaisoma kimya, akatafuta mahali pa kupumua. Asubuhi akaifungua mezani.

"Moto ukitokea," akasoma, "usikimbie." Akapumua. "Funga mlango nyuma yako. Usirudi ndani kwa sababu yoyote."

Shangazi akaweka kidole kwenye pindo asipoteze mahali. "Hata kama kuna mtu amebaki?"

"Kanuni haisemi."

"Kwa nini haisemi? Aliyeandika anaficha nini?"

"Yuko mtu ndani," akasema Fundi Kola. "Ndiyo maana wamesisitiza."

Jioni ile kapu lilifurika. Sketi mbili zilikuwa zimeshonewa pamoja. Mwenye Karakana alikuja akalitazama, akasema maneno ambayo kwa maoni yangu ndiyo ya busara kuliko yote aliyowahi kusema katika jengo hili: "Kama hasara ipo tu, basi afadhali iwe ya hadithi." Hadithi zikarudi. Na binti aliniambia baadaye kwamba ile karatasi ya moto ilimfundisha jambo ambalo vitabu vyote vya nje ya posta havikumfundisha, yaani thamani ya kile ambacho mwandishi hakusema.

Wachapishaji walimrudishia kazi yake mara kadhaa kabla ya huyu ndugu aliyejaza meza yangu maboksi kuikubali. Kila iliporudi alikuja kuniambia, kwa sababu alijua kwangu hatapewa pole. Nilimwambia kinachorudi kimeangaliwa, kinachopotea ndicho hakikuangaliwa. Alikwenda akafumua tena.

Sasa nafika kwenye hadithi ya mwisho.

Mama yake, ambaye tulimwita Mama Pindo, alikaa kwenye meza ndefu tangu karakana ifunguliwe mpaka magoti yalipomshinda, ndivyo tulivyoambiwa, magoti. Baadaye akafariki. Alikuwa mpindaji bora kuliko wote waliowahi kupita mikononi mwangu, na nilikuwa nikimwambia. Mimi, ambaye sina neno la tatu, kwake nilikuwa nalo. Nilikuwa nikitoka chumbani na gauni mkononi nikasema mbele ya wote, "Hakuna anayepinda kama huyu." Naye alikuwa akijibu, "Asante, Mama," kwa sauti kubwa mno, sauti ya kuamsha mtu. Nilidhani ana matatizo ya masikio. Nilimshauri akapime. Nilimtafutia hata zahanati.

Juzi, binti huyu alipopelekwa kupimwa gauni lile alilovaa leo, nilichukua kitabu chake nikaenda meza ndefu. Sikutaka kuisoma hadithi peke yangu chumbani, kwa sababu huko hakuna anayeshona, na bila kushona ningeikaguaje? Nikawaambia, "Leo nasoma mimi." Walitazamana. Nikavaa miwani, nikafungua ukurasa, nikaanza. Nasoma vibaya. Nasoma kama ninavyotoa vipimo. Shangazi hakuniambia nipumue, nadhani aliogopa.

Ni hadithi ya mpindaji ambaye macho yake yanazimika. Akijulikana, anarudishwa nyumbani, na nyumbani kuna mtoto wa shule. Basi wenzake wa mezani hawasemi kitu. Asubuhi mmoja anamtilia nyuzi kwenye sindano zake zote, anampangia mkononi. Anapinda polepole, kwa vidole, na anapokosea, mtu wa kiti cha jirani anavuta ile nguo chini ya meza, anaifumua, anaipinda upya na kuirudisha kwenye furushi lake. Kila siku. Meza nzima. Na yuko mkaguzi katika hadithi hiyo, mwanamke mwenye pua ndefu na mlango uliofungwa, ambaye wote wanamwogopa.

Nilikuwa nimeshafika mbali kidogo ndipo nikatambua pua ni ya nani.

Sikusimama. Ukaguzi ukianza hausimami. Nikaendelea, kwa sauti ile ile ya vipimo, mpaka mkaguzi anapotoka na gauni mkononi na kumsifu yule mwanamke kwa pindo ambalo limepindwa na mtu mwingine. Na mwanamke, ambaye hajui gauni ni lipi wala mkono uliolipinda ni wa nani kati ya wote walioizunguka meza, anasema asante kwa sauti kubwa, ili imfikie kila mmoja wao.

Nikafunga kitabu. Nikainuka nikaenda kulitazama kapu, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu na sikujua nifanye nini kingine.

Lilikuwa tupu.

Binti yangu, najua hilo linakufanya nini. Umeshika kiti kwa mikono miwili, nakuona. Nisikilize mpaka mwisho. Nami nilisimama pale nikiwaza nitamwambiaje. Kisha nikageuka kuitazama meza. Kapu lilikuwa tupu kwa sababu hapakuwa na nguo ya kutia kapuni. Hakuna aliyekuwa anashona. Sijui waliacha ukurasa gani. Sindano zilikuwa zimelala mezani. Fundi Kola alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kola. Shangazi alikuwa ananitazama mimi, machozi yanamtiririka, na mkono wake uko chini ya meza, mahali ambapo kumbe umekaa miaka yote ile.

"Sasa, Mama?" akaniuliza. "Utaturudisha?"

Tangu hapo hadi jana jioni hakuna aliyeshona kitu cha maana. Kwa hiyo, Mheshimiwa Mkurugenzi, sare za wauguzi hazikuletwa leo asubuhi, na safari hii sitakuandikia habari za kiufundi. Tulikuwa tunalia. Zitakuja wiki ijayo.

Na kwako Shangazi, nilishindwa kukujibu juzi, nakujibu mbele ya wageni. Ningejua, ningemrudisha Mama Pindo nyumbani siku ile ile, kwa sababu kanuni inasema hivyo na mimi nilikuwa mtu wa kanuni. Mtoto angeacha shule. Leo tusingekuwa na kitabu, na mimi nisingejua nilichofanyiwa. Mlinificha, na mlifanya vizuri. Nimeumia, sitasema sikuumia; nilimpenda yule mama, na nilitamani ningekuwa mmoja wenu niliyestahili kuambiwa. Lakini mlifanya vizuri.

Msomaji, binti wa Mama Pindo, simama. Hadithi yako nimeigeuza nje, nimeigeuza ndani, nimevuta kila mshono. Pua umeizidisha. Mengine yote yako mahali pake.

Imepita.

Na ninyi nyote mliokaa hapa mkanipa masikio yenu, wageni na wenyeji, na hasa ninyi wa meza ndefu, sijui ni mkono upi kati ya mikono yenu ulipinda lile gauni nililolisifu. Kwa hiyo nakisogelea hiki kipaza sauti, naongeza sauti ili imfikie kila mmoja: asanteni.